Mbuzi ya Nazi Mbele ya Hakimu Mmoja

Mama yangu alipoambiwa kesi yetu itasikilizwa na hakimu mmoja, aliuliza, "Mmoja tu? Wenzake wamekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba ndizo taratibu za mahakama ile. Ni mahakama ya mambo ya biashara ya nje peke yake, haisikilizi wizi wala talaka, na kesi ndogo kama yetu hupewa hakimu mmoja akaimaliza mwenyewe. Mama akavuta blanketi lake la miguuni akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Kwao Tanga, hata kuku wa mtu akiparua bustani ya jirani, shauri lilikaliwa na wazee watatu: mmoja mkali, mmoja mpole, na mmoja wa kusinzia. "Na huyo wa kusinzia," alisema, "ndiye anayeamka mwisho akatoa neno la maana." Nilicheka, nikamwambia huku Toronto wa kusinzia hawaajiriwi.

Ngoja nieleze tulivyofika huko. Mimi na mama tuna duka North York, kati ya kinyozi na mahali pa kutuma pesa. Tunauza vyombo vya jikoni vya kwetu: vinu, miko, nyungo, vyungu, kawa za kufunikia chakula. Lakini kilicholipa duka jina ni mbuzi. Si mbuzi wa kulia mee, bali mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukunja chenye chuma cha meno kilichochomoza mbele. Unakikalia, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakuna. Akina mama wa Kihindi waliozaliwa Dar na Mombasa wanaendesha gari kutoka mbali kuja kununua. Wengine wanazo mashine za umeme za kila namna nyumbani, lakini wakiiona mbuzi wanaigeuza, wanainusa ubao, macho yanawajaa maji. Mmoja alinunua akaniambia hataikunia hata nazi moja, ataiweka sebuleni tu aitazame. Nikamwambia, mama, fanya utakavyo, bora isikae juani.

Mbuzi zetu zote zilitoka Tanga, katika karakana ya baba yangu. Baba alifariki zamani kidogo, karakana ikabaki na mafundi wake watatu, na mkubwa wao alijifunza kazi kwa baba tangu hajaota ndevu. Siku hizi hata Tanga kwenyewe watu wananunua nazi iliyokunwa sokoni kwa mashine, au tui la pakiti. Kwa hiyo aliyekuwa akiifanya karakana ile iamke asubuhi ni mteja wa Toronto. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila mzigo ukifika, alikuwa akifungua mbuzi ya kwanza mwenyewe, anapitisha kidole kwenye maungio, anasema, "Hapa baba yenu angepiga randa tena." Aliniambia zaidi ya mara moja: "Karakana ile ikifungwa, mimi sina tena kwa mume wangu pa kwenda."

Basi mzigo mmoja ukazuiwa forodhani. Ofisa alifungua kasha, akakuta vibao vya kukunja vyenye mahali pa kukalia, akaandika: viti. Ala! Viti! Nilidhani ni mzaha. Kumbe neno hilo moja lilikuwa na mzigo wake nyuma. Kikiwa chombo cha jikoni kinapita. Kikiwa kiti cha kukunja, lazima kwanza kikapimwe maabara, ionekane hakitambana mtu vidole wala kumwangusha, na kila kiwanda kinachokitengeneza kiwe na vyeti vyake. Karakana ya watu watatu, mlango wa mabati, itapata wapi maabara? Nilipinga forodhani, wakakataa. Ndipo tukaenda mahakamani, mimi nikijisemea bila wakili, kwa sababu mahakama ile inaruhusu, na mama akiwa shahidi.

Shahidi alikuwa yeye kwa sababu mimi ni mwenye duka, na mwenye duka gani asiyesifu chake? Mama ndiye aliyekuna nazi kila siku ya Mungu tangu yuko kwa wazazi wake. Ndiye aliyekaa na baba karakanani akimshikia ubao wakati anatoboa. Nani mwingine wa kuulizwa?

Siku ya kwanza ilikuwa vuli, majani yamejaa njiani. Tulipanda treni ya chini kwa chini kutoka Finch, mama kavaa jaketi zito juu ya baibui, mbuzi iko kwenye mfuko mapajani mwake, hataki niibebe. Mahakama yenyewe ni chumba tu ndani ya jengo la maofisi, zulia la kijivu, meza ndefu mbele, na nyuma ya meza ile ndefu mtu mmoja. Mzee mwembamba, kikohozi hakimwachi. Viti viwili vitupu huku na huku. Mama akaninong'oneza, "Maskini, wamemwacha peke yake."

Faida ya hakimu mmoja ni kwamba una uso mmoja tu wa kuusoma. Nao ulikuwa uso mzuri. Upande wa pili alikaa wakili wa forodha, mwanamke mpole, sina neno baya juu yake. Alisema sehemu kubwa ya kitu hiki ni ubao wa kukalia, chuma ni kidogo na kinakunjika kikafichika, na mtu hawezi kukitumia bila kukaa. Basi asili yake ni kiti. Alisema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuingiwa na shaka, astaghfirullah.

Kisha akaja mkalimani. Bwana mmoja wa Lubumbashi, suti safi, heshima zake zote, Kiswahili chake kitamu cha Kongo kilichotiwa Kifaransa. Tatizo lilikuwa moja tu: kwao hawakuni nazi. Mama akaanza kwa kusema amekaa juu ya mbuzi tangu utotoni. Mkalimani akaguna kidogo, akatafsiri. Na mimi, ninayesikia Kiingereza, nikasikia mama yangu akiiambia mahakama kwamba tangu utotoni amekuwa akimkalia mnyama. Mama akaendelea, hana habari: marehemu mume wangu alikuwa akiichagulia mbuzi ubao mgumu, anaikata miguu, anaipaka mafuta, ndipo anaitia meno. Bwana wa watu jasho linamtoka, anatafsiri tu, kaapa kutafsiri kila neno. Hakimu akavua miwani. Nikashindwa, nikasimama nikapiga kelele, "Si mbuzi huyo! Ni mbuzi ile!" Kana kwamba hilo lingesaidia kitu kwa Kiingereza.

Ilipoeleweka, hakimu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akaomba maji. Akasema basi, mama aonyeshe. Nilikuwa nimebeba nazi nyumbani. Mama akaitegesha mbuzi juu ya zulia, akakusanya baibui lake, akaketi upande kama wanavyoketi wanawake wa heshima, akakuna. Chumba kizima kilinukia nazi. Nyeupe inaanguka kwenye bakuli, mkono unazunguka, haangalii hata chuma, anamwangalia hakimu na anaongea naye kwa Kiswahili kana kwamba wanajuana. "Ukikosea utakuna kifuu," anamwambia, "na mchuzi utakuwa na mchanga." Hakimu akanyoosha mkono kuchota kidogo, akakumbuka ni ushahidi, akaurudisha. Nilijua tumeshinda. Wallahi nilijua. Alituambia ataandika uamuzi na kutujulisha.

Tukangoja. Theluji ikaanza, ikazidi, tukangoja. Halafu siku moja karani wa mahakama akanipigia simu nikiwa dukani. Hakimu yule ameugua sana, hatarudi kazini, na uamuzi hakuwa ameuandika. Kesi itaanza upya.

"Upya vipi?" nikamwuliza. "Sisi tulishasema yote."

Karani akanijibu kwa upole kwamba aliyesikia ni yeye peke yake. Wangekuwa watatu, wawili waliobaki wangemalizia. Akiwa mmoja, akianguka, kesi inaanguka naye. Nilikata simu nikakaa kwenye kasha la vyungu. Nilikuwa na hasira ambayo haina wa kupokea, maana utamkasirikia mgonjwa? Mama nilipomwambia alisema kwanza, "Muombee shifaa," kisha ndipo akauliza, "Na mbuzi?"

Palikuwa na mlango mwingine. Maneno yote ya siku ile yalirekodiwa na kuchapwa, na hakimu mpya angeweza kusoma tu akaamua, kama pande zote mbili zikikubali. Mimi nilikubali mbio mbio. Wakili wa forodha akasita, na nilipoletewa ile nakala nikaona sababu. Kurasa na kurasa baba yangu anamkata mnyama miguu na kumpaka mafuta. Pale nilipopiga kelele pameandikwa kwamba sauti hazikueleweka. Na kule kukuna, ambako ndiko kulikosema kila kitu, karatasi imeandika tu kwamba shahidi anaonyesha. Harufu haichapwi. Hakimu mpya akaamua kwamba afadhali amsikie shahidi mwenyewe.

Ingekuwa vuli, ningesema haina shida. Lakini mama wa majira yale ya baridi hakuwa mama wa vuli. Ilianza kidogo kidogo. Ananiita kwa jina la dada yake marehemu, nasema ni uzee. Anauliza baba amekula, nasema ni ndoto ya mchana. Binti yangu akimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, baada ya dakika chache anamwuliza we mtoto wa nani, na binti yangu anajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto wa huku, na mama anadhani amejiwa na mgeni. Yote hayo niliyameza. Siku niliyolia ni ile niliyomkuta jikoni amekamua nazi, tui lote amelimwaga kwenye sinki, na chicha iliyobaki ameiinjika motoni. Anaikoroga. Ananiambia, "Mwanangu, mbona tui la leo halichemki?" Niliegemea friji nikalia mbele yake, na yeye akanifuta machozi kwa ncha ya kanga akidhani nina njaa.

Daktari aliupa ugonjwa jina, akasema asubuhi ndiyo saa zake nzuri. Nikafikiria kumwondoa kwenye ushahidi. Lakini mama alikuwa na asubuhi zake kweli kweli, anaamka mzima, mkali, anakumbuka mpaka jina la punda wa jirani wa Tanga. Katika asubuhi moja ya namna hiyo nilimwambia, mama, tuiache. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki mwongo. "Tuiache nani? Mbuzi ya mume wangu nitaisemea mwenyewe. Na usinitangaze huko kwamba mimi nasahau." Nikaomba kesi iwekwe asubuhi. Na kuhusu kusahau nilimtangaza hata hivyo, nikamwandikia karani kwamba mama ni mtu mzima, kumbukumbu imepungua, tunaomba subira.

Siku ya pili barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, barabara zote matope. Chumba kilekile, meza ileile ndefu. Safari hii katikati alikaa mwanamke, mdogo kuliko mimi, miwani ya duara, mwenye adabu sana. Naye peke yake. Mkalimani alikuwa mama wa Morogoro anayeishi Brampton, na kabla hatujaanza alinishika mkono akasema, "Dada, usiwe na wasiwasi, mimi mbuzi naijua." Nikashukuru Mungu. Mama alikuwa amechangamka, amejitia wanja, amesalimia kila mtu mpaka mlinzi wa mlangoni.

Akaulizwa anatoka wapi, akasema Tanga. Akaulizwa mumewe alifanya kazi gani, akasema, "Fundi seremala, hana mfano." Moyo wangu ukatulia. Kisha hakimu akafanya jambo la wema. Naapa ulikuwa wema. Aliona mama ni mzee na meza iko mbali, akainuka, akazunguka, akaja na mbuzi mikononi, akaiweka chini mbele ya mama, imefunguliwa, chuma kikitazama upande wangu. Akasimama pale ameinama kidogo, akamwambia mkalimani, "Mwulize, kitu hiki ni nini?"

Mkalimani akauliza. Mama akainua macho. Hakuitazama mbuzi, alimtazama yule mtu. Akaona mgeni amesimama mbele yake na yeye ameketi, na uso wake wote ukafunguka kwa ile adabu aliyolelewa nayo. Akaisogeza mbuzi kwa mguu mpaka kwa hakimu, akatandaza kiganja juu yake.

"Karibu kiti, mama," akasema. "Mbona umesimama?"

Mkalimani akanigeukia. Akanitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tulijua. Alikuwa ameapa kama alivyoapa yule bwana wa Lubumbashi. Akatafsiri neno kwa neno. Wakili wa forodha aliweka kalamu yake mezani na kuinamisha kichwa, hakuandika kitu. Hakimu, kwa kutaka haki, akauliza tena polepole. Mama akacheka kidogo, cheko la kumwondolea mgeni haya. "Karibu, karibu kiti. Chai inakuja."

Nikasimama. Nikasema yote niliyoweza. Nikasema kwetu mgeni hasimami. Pasipokuwa na kiti utampa kinu kilichopinduliwa, ndoo, gunia la mchele, chochote kilicho karibu, na chochote utakachompa utasema karibu kiti. Nikasema hata ningekuwa nimeweka jiwe pale angesema vilevile. Nikasema mama yangu hajaulizwa swali akalisikia, amepata mgeni. Hakimu aliniambia amenielewa, akanishukuru, akarudi kukaa kwenye meza yake ndefu. Nikamwomba mama akune. Nazi niliibeba. Mama akaishika mkononi, akaigeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ya nani hii?"

Uamuzi ulikuja kabla miti haijachanua. Umeandikwa vizuri, bila dharau hata chembe. Hakimu amesema alizingatia umri wa shahidi na kusahau kwake. Lakini akasema mtu anayesahau hupoteza ya jana, hapotezi ya utotoni, na ndiyo maana neno lililomtoka bila kufundishwa na mtu, tena mara mbili, neno la kitu alichoishi nacho maisha yake yote, lina uzito kuliko maelezo ya binti yake. Neno hilo ni kiti.

Nimelisoma mara nyingi. Kinachonichoma ni kwamba si la kijinga. Mtu mwenye akili, peke yake ofisini kwake, angefika hapo hapo. Alihitaji tu mwenzake mmoja pembeni, hata yule wa kusinzia, wa kumgusa kiwiko na kumwambia, hebu ngoja, yule mama alikuwa anakukaribisha. Hapakuwa na mtu. Rufaa ipo, lakini ni ya kosa la sheria, na sheria hakuikosea. Alikosea adabu zetu, nazo hazina rufaa.

Nilimpigia simu fundi wa Tanga. Nyuma yake nilisikia randa ikipita kwenye ubao, mtu anafanya kazi. Nikamweleza. Hakubisha. Aliuliza mama anaendeleaje, akasema, "Msalimie, mwambie sisi hatujambo." Akaniambia ningoje kidogo asije akawaacha wenzake wanaharibu mbao. Nikasikia anaita jina, na randa ikakoma. Tuliagana.

Mama sikumwambia, na hakuniuliza. Kesi yote ilikuwa imemtoka, ya vuli na ya matope, hakimu mgonjwa, treni, mkalimani. Mpaka juzi hapa, asubuhi, namchana nywele dirishani, akanishika mkono.

"Yule mgeni," akasema, "alikaa?"

"Mgeni yupi, mama?"

"Yule mwanamke wa miwani. Alisimama muda mrefu, nikaona vibaya. Nilimkaribisha. Alikaa?"

Kitana kilibaki hewani.

"Alikaa, mama."

"Alhamdulillahi." Akatulia, nikaendelea kumchana. Kisha akageuka kidogo, ana wasiwasi wa mwenye nyumba. "Nilimpa kiti gani?"

"Ulimpa cha baba," nikamwambia.